Kibanda Kilichowekwa Mbele

Mwaka 1986, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, korona ya shamba la mkonge tulikokuwa tukiishi ilizimwa, na haikuwashwa tena. Korona ni ile mashine inayoponda majani ya mkonge zikabaki nyuzi. Iliponguruma alfajiri, kambi nzima ilijua leo kuna kazi. Iliponyamaza, watu walikaa nje ya nyumba zao wakitazamana kama waliofiwa, wakiambiana kwamba itawaka wiki ijayo. Baba yangu alikuja Kilosa kijana kutoka Songea kukata mkonge, akaishia kuwa mpishi wa meneja. Naye alisema hivyohivyo, itawaka, mpaka tukamzika. Serikali ikatangaza kwamba sasa biashara ni huria, kila mtu ajitafutie. Nikasema sawa, nitajitafutia.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuulizwa. Vijana wanakuja hapa kwangu Mabwerebwere, wanakaa kwenye viti vyangu, wanakunywa soda yangu, halafu wanasema, "Bibi, hebu tuambie, koneksheni ya kwenda Ulaya uliipataje?" Koneksheni! Nilikuwa na karai la mafuta ya moto kando ya barabara kuu pale Mikumi, nakaanga mihogo na mayai kwa madereva wa malori ya Zambia. Hiyo ndiyo koneksheni yangu.

Shule niliishia darasa la nne, na silifichi. Lugha sikuzipata shule. Kingoni nilikinyonya kwa mama. Kiswahili kilikuwa cha kambini, maana kambi ile ilikuwa na makabila yote ya nchi hii, na bila Kiswahili hukuweza hata kuomba moto kwa jirani. Kiingereza nilikipata jikoni kwa meneja, nikimsaidia baba kuosha vyombo. Mke wa meneja alikuwa mpweke, hana wa kuongea naye, akawa anaongea na mimi kutwa nzima, nielewe nisielewe. Mwisho nikaelewa. Kimaasai nilikipata kwa sababu ya maziwa. Mama alikuwa akipeleka unga kwa wafugaji wa uwandani, anarudi na maziwa, na safari nyingine aliniacha hukohuko wiki nzima nicheze na watoto wao mpaka atakapopita tena. Nilikuwa nagombana kwa Kimaasai kabla sijajua kusoma jina langu. Halafu mtu mzima na akili zake ananiambia nina kipaji. Kipaji gani? Ni kuachwaachwa huko kulikonifundisha.

Basi, pale Mikumi, siku moja Mzungu mmoja alikuwa anasubiri mayai yake huku anagombana na mkalimani wake, kwa sababu mkalimani alijua Kiswahili tu, na wafugaji waliosimama kando ya gari walikuwa wazee wasiojishughulisha na Kiswahili. Nikachoka kuwasikiliza. Nikageuza mayai, nikawaambia wale wazee kwa lugha yao Mzungu anataka nini, nikamwambia Mzungu kwa lugha yake wazee wamejibu nini. Alisahau kula. Kesho yake nilikuwa ndani ya Land Rover.

Miaka ile, kila ofisi ya umma iliyokufa ilizaliwa upya ikiitwa mradi. Kila mradi ulikuwa na Land Rover, na kila Land Rover ilikuwa na maswali yake. Nimekwenda Mvumi, nimekwenda Lumuma, nimesimama juani kwenye mikutano mpaka kisogo kikachubuka. Na kazi yenyewe niliijua hivi: mtu anasema, ananyamaza, ndipo mimi nasema. Yule mwingine anajibu, ananyamaza, nasema tena. Ni kazi ya adabu. Huingii kwenye maneno ya mtu kabla hajatoka.

Nilifanya hivyo miaka mingi, na katikati ya mradi na mradi narudi kwenye karai. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma. Mradi ukiisha, mkalimani kaisha. Nilikuwa nimevuka thelathini, nina watoto wawili, baba yao kaenda kutafuta mgodini na naona mpaka leo bado anatafuta. Nikawa nasema moyoni, siku moja nitafanya kazi hii moja kwa moja, au niiache kabisa nikaange mihogo mpaka nife, lakini huku na huku sitaki tena.

Ndipo ukaja ule mkutano.

Ulikuwa mkutano mkubwa wa wafugaji na wafadhili, unafanyika kwenye hoteli moja hapo Mikumi. Mkuu wa wakalimani alitoka Nairobi, mama mmoja mfupi, miwani minene, sweta jua likiwaka, kila wakati ana kipande cha tangawizi mdomoni. Alikuwa na kundi lake la wakalimani ambalo lilizunguka dunia, leo Addis Ababa, kesho Geneva, na alikuwa anatafuta mtu wa kumwingiza, anayetoa Kimaasai kwenda Kiingereza na Kiingereza kwenda Kimaasai. Watu wa mradi walimtajia mimi. Aliniambia waziwazi siku aliyofika.

"Nitakusikiliza mkutano huu. Ukinifaa, utafuatana nasi. Usiponifaa, tutaagana vizuri."

"Nikikufaa leo na kesho nisikufae?"

"Kesho yako itajitetea yenyewe," akasema, akatafuna tangawizi yake.

Siku mbili kabla ya mkutano alinifungia kwenye chumba cha hoteli na redio. Akafungua taarifa ya habari. "Sema anachosema, wakati anasema." Nikamwambia, mama, nikisema wakati anasema, nitasikiaje? Akasema, "Ndiyo kazi." Siku ya kwanza nililia kwa hasira. Ulimi unakwenda huku, sikio linavutwa kule, kichwa kinauma kama nimebeba gunia. Siku ya pili jioni kitu kikafunguka, nikawa nakimbia nyuma ya yule mtangazaji kama mbwa nyuma ya baiskeli, simwachi. Akazima redio. Hakunisifu. Aliniambia masharti tu: usimsubiri msemaji, usinyamaze, usitoke ndani ya kibanda wakati maiki iko wazi.

Sasa nije kwenye hicho kibanda.

Mratibu wa mkutano alikuwa kijana wa ofisini kutoka Morogoro, tai mpaka shingo imevimba, anayeita kila mtu "dada" na "kaka" kwa sauti ya kukuonyesha kwamba hakujui. Alimpa seremala kazi ya kutengeneza kibanda cha ukalimani: mbao za plaiwudi, dirisha la kioo, rangi ya bluu. Kazi ilikuwa nzuri, seremala simlaumu. Lakini mratibu alikipeleka kibanda kile mbele kabisa ya ukumbi, kando ya meza kuu, chini ya bango, akakitundikia pazia na maua ya plastiki. Yaani mkutano mzima unakutazama wewe uliye ndani ya kioo unavyopiga mdomo.

Nikamwambia, "Kaka, hiki kingekaa nyuma."

"Dada, mgeni rasmi anakuja. Anatakiwa kuona teknolojia."

"Ataona mdomo wangu."

"Kazi yako ni kuongea humo ndani. Mpangilio wa ukumbi ni kazi yangu."

Nikamwangalia mama wa Nairobi nikidhani atasema neno. Alikuwa anafuta miwani yake.

Asubuhi ya mkutano mwenzangu wa zamu, wa kupokezana naye kibandani, aliyetakiwa kuja kutoka Arusha, hakutokea. Sababu sijaijua mpaka leo. Kwa hiyo ndani ya kibanda nilikuwa peke yangu, joto kama tanuri, glasi ya maji siruhusiwi kuigonga kwa sababu maiki inasikia. Wafadhili na wazee wamevaa hedifoni. Mama wa Nairobi amekaa kona ya mwisho kabisa, hedifoni kichwani, kalamu mkononi.

Hotuba za Kiingereza zilikwenda vizuri. Wafadhili wanasema, mimi nawapelekea wazee kwa Kimaasai, wazee wameinamisha vichwa wanasikiliza sauti inayoingia masikioni mwao, wengine wanatabasamu. Nikasema moyoni, mwanamke, Geneva hiyo.

Kisha mwenyekiti akampa nafasi mzee wa wafugaji wa kwetu. Mzee mrefu, shuka nyekundu, fimbo yake mkononi. Kwa wafugaji, mzee akisimama na fimbo mkutanoni, hakuna mtu anayefungua mdomo mpaka aketi. Hata mtoto akilia anatolewa nje. Mimi nalijua hilo tangu ninacheza uwandani. Nalijua kama ninavyojua jina langu, na asubuhi ile sikulikumbuka hata kidogo, kwa sababu kichwa changu chote kilikuwa kwenye redio ya yule mama.

Mzee akasema sentensi moja. Nami nikaanza Kiingereza juu yake, mara moja, kama nilivyofundishwa.

Akanyamaza. Akanitazama kupitia kioo.

Nilikuwa nimebakiwa na maneno mawili matatu, nikayamaliza, nikanyamaza. Hakuna cha kusema, kwa sababu yeye hasemi. Akasubiri. Alipoona nimefunga mdomo, akaanza tena. Nikaanza tena. Akanyamaza tena.

Jamani, nieleweni. Yeye ananisubiri mimi nimalize, kwa sababu ni mtu wa adabu na hawezi kusema pamoja na mtu mwingine. Mimi namsubiri yeye aanze, kwa sababu sina la kusema bila yeye. Ukumbi mzima kimya. Wafadhili wakaanza kugongagonga hedifoni zao. Mmoja akazivua akazitikisa kama saa iliyosimama. Fundi wa mitambo akaja mbio na betri mpya. Mzee akafungua mdomo, nikafungua mdomo, akafunga mdomo.

Mlango wa kibanda ukafunguliwa. Mratibu, jasho linamtoka.

"Dada, ongea!"

Nikafunika maiki kwa kiganja. "Haongei yule. Niongee nini?"

"Wageni wanasema hawasikii!"

"Hakuna cha kusikia!"

"Basi tafsiri hata hicho!"

Naapa, ndivyo alivyosema. Nitafsiri kimya.

Mwishowe mwenyekiti akadhani mzee amemaliza, akapiga makofi, ukumbi nao ukapiga makofi. Mzee akaketi polepole, maneno yake yote bado yako tumboni. Wazee waliomfuata walikuwa wameona mkubwa wao alivyofanyiwa. Kila mmoja alisimama, akasalimia, akaketi. Mkutano wa wafugaji, na wafugaji hawasemi. Na kule kona ya mwisho, mama wa Nairobi anaandika.

Nilipotoka saa ya chai blauzi ilikuwa imenigandia mgongoni. Sikwenda kunywa chai. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mzee, alikuwa amesimama barazani na wenzake, amewapa mgongo watu wa mkutano. Nikainamisha kichwa mbele yake, kama mtoto anavyomsalimu mzee wa rika la baba yake. Alikaa muda kabla hajanigusa utosini, lakini akanigusa.

"Wewe ndiye uliyekuwa unanizomea ndani ya kabati la vyombo?"

"Sikuzomei, baba. Nayapeleka maneno yako kwa wageni."

"Unayapeleka kabla sijayamaliza? Umejuaje nitasema nini?"

"Nakufuata nyuma nyuma, baba."

"Ndama anamfuata mama yake nyuma nyuma. Lakini haongei."

Wenzake wakacheka. Mimi nikacheka pia, maana ningefanyaje. Nikamweleza habari yote, ile redio, zile hedifoni, yule mama wa Nairobi, kwamba nikishindwa leo basi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuniingilia, kama kunionyesha jinsi inavyotakiwa.

Akasema, "Mwanangu, sikatai kazi yako. Lakini mimi nimesimama, fimbo mkononi, na mbele yangu mdomo wa mtu unacheza. Siwezi. Maneno yanarudi yenyewe."

"Basi usinitazame, baba."

"Macho ni ya nani? Yanakwenda yenyewe."

"Na mimi nikikaa nyuma yako?"

Akafikiri. Akageuka nyuma kutazama, kama anapima.

"Nyuma yangu kuna watu wengi wanaonisema," akasema. "Hao sijawahi kuwajibu."

Nikamwacha hapo, nikamtafuta mratibu. Nilimkuta anahesabu soda za mgeni rasmi. Nikamwambia kwa lugha nyepesi kabisa: kibanda kirudi nyuma ya ukumbi, wazee wakipe mgongo, watasema. Ndiyo dawa, na haina gharama.

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Umeme uko mbele. Waya haufiki nyuma."

"Tutafute ekstensheni."

"Dada yangu, wewe umeshatuaibisha asubuhi nzima. Sasa unataka kuhamisha na ukumbi? Kama kazi imekushinda, sema, tuandike kwenye ripoti kwamba mkalimani alishindwa."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Mtu ameweka kibanda mahali pasipofaa, ameambiwa hapafai, pameonekana hapafai, na bado anayeandikwa kwenye ripoti ni mimi. Nimekutana na mtu huyo katika miji mingi sana tangu siku ile. Anabadilisha sura tu na rangi ya tai.

Nikaenda kwa mama wa Nairobi. Alikuwa anakula karanga.

"Mama, umeona."

"Nimeona."

"Mwambie yule kijana kibanda kisogezwe. Wewe atakusikiliza."

"Mimi nimekuja kukusikiliza wewe," akasema, akachagua karanga nyingine.

Nikageuka nikaondoka. Ningemjibu ningemtukana.

Kazi ya kipindi cha pili ilikwenda kwa Kiingereza peke yake, wafadhili wakiwaeleza wafugaji mambo ya ng'ombe. Saa ya chakula, mratibu na mwenyekiti walikwenda kula kwenye chumba cha wakubwa na mlango ukafungwa. Nikaingia jikoni. Mpishi mkuu wa hoteli ile alikuwa amewahi kuwa jirani yangu kule barabarani, alikuwa akiuza supu.

"Kaka, nina shida na umeme."

"Nani hana?"

"Nataka plagi iliyo karibu na mlango wa nyuma wa ukumbi."

"Hiyo ina friji, dada. Ndiyo yenye vinywaji vya mgeni rasmi."

Alikuwa anajua habari ya asubuhi, hoteli nzima ilikuwa inajua.

"Itazimwa mpaka saa ngapi?" akauliza.

"Mpaka nimalize kazi."

"Mimi sijakuona," akasema, na akanipa na ekstensheni.

Kubeba kibanda haikuwa taabu. Nilikwenda kwa yule mzee nikamwambia, baba, lile kabati linataka kuhama. Akawaita vijana wao waliokuwa wamekaa nje kwenye kivuli cha gari. Vijana wale walikizunguka, wakahesabu kwa lugha yao, wakakiinua juu na pazia lake na maua yake ya plastiki, wakapita nacho katikati ya viti wakiimba kwa chini chini kama wamebeba kitu cha sherehe. Mzee anaongoza na fimbo: huku, huku, angalieni taa. Fundi wa mitambo alikuja analalamika kwamba hajapewa amri. Nikamwambia amri hii hapa, shika waya. Akashika. Kibanda kikakaa nyuma, ubavuni mwa mlango wa jikoni. Naona visogo vya watu wote, na mbele namwona kwa ubavu atakayesimama, maana anaielekea meza kuu. Mdomo wangu hauonekani kwa mtu yeyote isipokuwa mpishi.

Mratibu aliporudi alisimama mlangoni kama aliyeibiwa nyumba. Lakini mwenyekiti alishakaa, wageni walishakaa, na mzee alishasimama na fimbo yake bila kusubiri kupewa nafasi.

Akasema. Nikasema. Akaendelea. Nikaendelea.

Alisema habari ya njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni, iliyokatwa na mashamba waliyopewa watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Alisema, "Mmeweka bango kwamba ni marufuku kupita. Ng'ombe wangu hawasomi. Mimi sisomi. Nani kati yetu mlimwandikia?" Wafadhili wakacheka nusu dakika baada ya wafugaji, na hiyo nusu dakika ilikuwa yangu, nimeitengeneza mimi. Akaendelea. Alisema kwa muda mrefu sana, baba yule, kama anayelipiza asubuhi yote. Wenzake wakafuata, kila mmoja na malimbikizo yake. Mimi sina mwenzangu wa zamu, nimeshikwa na haja, jikoni sufuria zinagongana kisogoni mwangu, na mvuke wa wali unaingia kibandani. Nilimlaani yule mtu wa Arusha kwa lugha zote ninazozijua, kimoyomoyo, huku nasema Kiingereza.

Saa tisa mgeni rasmi akaingia, amechelewa kama wanavyochelewa wote. Akapelekewa soda. Akanywa funda moja, akaitazama chupa. Akapelekewa bia. Akaishika tu, akairudisha. Niliona kisogo cha mratibu kikibadilika rangi.

Kikao kilipoahirishwa alinijia kabla sijavua hedifoni.

"Umeniaibisha mbele ya mheshimiwa! Amekunywa soda ya moto! Ya moto!"

"Wazee wamesema?"

"Nakwambia habari ya soda!"

"Na mimi nakuuliza habari ya mkutano."

"Hutafanya kazi tena kwenye mkutano wowote wa mkoa huu. Nakuhakikishia."

Mama wa Nairobi alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika mkoba wake. "Hilo ni kweli," akamwambia mratibu kwa upole. "Mwezi ujao atakuwa Addis Ababa."

Sikufurahi. Naandika ukweli, sikufurahi wakati ule. Nilimfuata mpaka nje kwenye gari lake.

"Mama, ulijua kibanda hakikai mbele?"

"Hakikai mbele popote. Nilimwandikia mratibu tangu mwanzo kwamba kiwe nyuma."

"Ukaniacha nitoke jasho vile?"

"Sauti yako ilinitosha kabla ya chai. Lakini kila utakapokwenda watakuweka jikoni, watakuweka ngazini, watakuweka ubavuni mwa choo. Nilitaka kujua utafanya nini."

"Na kama ningekaa tu?"

"Ningekulipia nauli ya kurudi kwako, tungeagana vizuri."

Nilifanya naye kazi miaka kumi na mitano. Nilimheshimu, nilimuuguza alipougua. Lakini jambo lile sikumsamehe, na nilimwambia hivyo mara nyingi, naye akawa anacheka tu na tangawizi yake. Mtu anataka kukujua, si akuulize?

Alisema kweli lakini. Addis Ababa walituweka chini ya ngazi, kila mtu akipanda tunasikia viatu. Geneva kibanda kilikuwa kizuri, kiti kinazunguka, ila mlinzi wa mlangoni kila asubuhi alinielekeza upande wa wafagiaji, na kila asubuhi nilimwonyesha kitambulisho kilekile. Roma walinipa hotuba ya kurasa arobaini dakika tano kabla haijasomwa, halafu msomaji akaamua kuruka kurasa bila kusema. Tafsiri za maandishi ndizo zilizonitesa zaidi, maana kusoma kwangu ni kwa polepole, nafuata mstari kwa kidole. Nilikuwa nazifanyia hapa hapa Kilosa, umeme ukikatika nahamia kibarazani, jirani anapita anauliza, "Mama, bado unafanya homuweki?" Na pale uwanja wa ndege, kila safari, kijana wa dirishani:

"Kazi?"

"Mkalimani."

"Elimu?"

"Darasa la nne."

"Mama, usinitanie, watu wako kwenye foleni."

"Andika."

Hakuandika. Aliandika mfanyabiashara. Nilisafiri dunia nzima kama mfanyabiashara, biashara yenyewe sijui ni ipi.

Kwa hiyo mkinijia kuuliza, jibu ni hilo. Jifunzeni lugha mpaka mgombane nayo, na mkiwekwa mahali pasipofaa msikae. Mengine sina. Niliacha kusafiri magoti yalipokataa ngazi za ndege. Na kwa sababu najua swali linalofuata, maana mnaliuliza kila mara mkishamaliza soda, ninavyomiliki leo ni hivi:

Nyumba ya matofali ya kuchoma, Mabwerebwere, vyumba vitano, bati jekundu.

Nyumba ya kupangisha Mikumi, milango minne, yote ina wapangaji.

Shamba la mahindi na mbaazi Mvumi, ekari sita, lina hati.

Ng'ombe kumi na wawili na punda mmoja mkorofi.

Kisima, na pampu yake.

Pikipiki, anaendesha mjukuu.

Kompyuta moja inayofanya kazi na moja isiyofanya.

Kamusi tisa.

Pasipoti nne, tatu zimejaa mihuri.

Hedifoni zangu mwenyewe.

Miwani miwili.